Nati Nne za Heche

Joel Simioni alikutwa asubuhi ameketi kwenye kiti chake, kifua kimelala mezani. Mbele yake kopo la rangi nyeupe lilikuwa wazi. Brashi ilikuwa imeanguka sakafuni. Kisogo chake kilikuwa kimebonyea, na damu ilikuwa imekauka kwenye kola ya shati.

Inspekta Felistas Adhiambo alisimama mlangoni akatazama kwanza kabla ya kukanyaga popote.

"Nani ameingia humu?"

"Hakuna, afande," alijibu mama muuza chapati wa kibanda cha jirani. "Nilisukuma tu mlango nimpe chai yake. Nikaona. Nikapiga yowe."

"Ulikanyaga ndani?"

"Nikanyage nifuate nini? Chai yenyewe ilinimwagikia mguuni."

"Basi kaa hapo nje, tutachukua maelezo yako. Na huo mguu umwagie maji."

Kilikuwa chumba cha gemu katikati ya Nyamongo, kati ya duka la vipuri vya karasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na kibanda cha kuchaji simu. Kompyuta zilipangwa ukutani, kila moja na usukani wa plastiki uliofungwa mezani kwa boliti. Hakuna kilichoibwa. Simu ya marehemu ilikuwa mfukoni mwake. Droo ya hela ilikuwa imefungwa, ufunguo uko kwenye mkanda.

"Huyu si mwizi," alisema Sajenti Tomaso Mokami. "Mwizi wa Nyamongo angebeba hata hizo sukani."

Felistas alivaa glavu, akaingia. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa umeandikwa maneno kwa rangi nyeupe. Pembeni yake palikuwa na ubao wenye misumari, na kila msumari umening'iniza kibati kilichokatwa kutoka kwenye debe la mafuta. Kila kibati kilikuwa na jina la mtu na picha ya gari.

"Nieleze," alisema. "Kama unavyomweleza mtu ambaye hajawahi kucheza gemu."

Tomaso alijikohoza kidogo. "Ni ligi, afande. Kwenye gemu hii hupewi gari. Unalijenga. Unachagua bodi, injini, springi, gia, breki. Ukimaliza unashindana na wenzako. Magari ya saluni tu, kama haya ya barabarani. Joel ndiye aliyetunga kanuni, ndiye mkaguzi wa magari, ndiye mwamuzi."

"Umeyajuaje yote hayo?"

"Nilishiriki. Nikatolewa raundi ya kwanza. Gari langu lilikuwa na uzito pungufu."

Felistas alilitazama tumbo lake. "Ungekaa wewe ndani lingefika."

Konstebo aliyekuwa anapiga picha za eneo la tukio alicheka, kisha akaikumbuka maiti, akarudi kwenye kamera.

Felistas alizisoma kanuni moja moja. Gari liwe na milango minne. Injini isizidi lita mbili. Anayemgonga mwenzake kwa nyuma ampishe. Anayeshinda abebe mzigo wa ziada katika mbio zinazofuata, ili na wengine wapate nafasi. Ya mwisho ilikuwa imepigiwa mstari: GARI NI LA ALIYELIJENGA.

Akahamia kwenye ubao. Msumari wa kwanza ulikuwa na kibati kilichoandikwa HECHE. Wa pili, ODOYO. Chini ya ubao, sakafuni, kulikuwa na nati nne kubwa za lori. Hazikuwa zimeanguka. Zilikuwa zimepangwa kwa mstari, kama vikombe kabatini.

"Na hizi?"

"Ndio huo mzigo, afande. Kila nati inahesabiwa kilo kumi. Aliyeshinda mara ya mwisho zinaning'inizwa kwenye msumari wake, chini ya jina, watu waone gari lake limebebeshwa. Hizo ni za Heche. Jana nimepita hapa mchana zilikuwa juu."

Felistas alikishika kibati cha kwanza kwa ncha za vidole akakivuta. Kilikuwa kimegandia ubaoni kidogo. Alipokigeuza aliona sababu. Upande wa nyuma ulikuwa na rangi mbichi. Herufi R, H na O zilikuwa zimekamilika. Ya nne ilikuwa imeanza tu. Juu ya zote ulipita mkwaruzo wa vidole.

"Alikuwa anaandika jina lingine nyuma ya kibati cha Heche," alisema. "Mtu akampiga, akakigeuza, akakirudisha msumarini. R, H, O. Nani?"

"Rhobi," alijibu Tomaso. Hakuwa anatania tena.

"Rhobi ni nani?"

"Ndiye anayeendesha gari la Heche. Heche mwenyewe amekufa."

Habari ya Heche mji mzima uliijua. Alishuka kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo, mwaka uliopita, wakati wa mvua, na udongo ukashuka nyuma yake. Wenzake walichimba mpaka ukuta mwingine ukaanza kuporomoka. Wakaacha. Hakutolewa. Alikuwa mtoto pekee wa mama yake.

Mama yake hakukaa kulia tu. Alifanya jambo ambalo mama wa Kikurya asiye na mtoto wa kiume ana haki ya kulifanya: alitoa ng'ombe akaoa msichana, akamleta nyumbani kwake, ili watoto atakaozaa wawe wa Heche na jina lisipotee. Wenyewe huiita nyumba ntobhu. Msichana huyo ndiye Rhobi. Alikuta laptop ya Heche, akakuta gari la Heche ndani yake, akajifunza. Akaanza kushinda.

"Na jina likabaki la Heche," alisema Felistas.

"Hakuna aliyejali, afande. Mpaka ikaja zawadi."

Zawadi ndiyo iliyoharibu. Fundi mmoja wa Mwanza, anayeandaa magari ya mashindano ya kweli, aliahidi kumchukua bingwa wa ligi na kumfundisha kazi. Bei ya dhahabu ilikuwa juu, na nusu ya vijana wa Nyamongo walikuwa wanalala chini ya ardhi na jiko la mafuta na chupa ya maji. Nafasi ya kushika spana chini ya paa ilikuwa jambo la kugombaniwa. Na maiti haiwezi kupanda basi kwenda Mwanza.

*

Daktari wa kituo cha afya alimaliza uchunguzi kabla ya chakula cha mchana.

"Pigo moja," alisema. "Kitu kizito chenye uso bapa. Nyundo, kwa mfano. Alikuwa ameketi, mpigaji amesimama nyuma yake. Alikufa jana jioni, si usiku. Kwenye kidonda kuna vumbi la mawe."

"Vumbi la mawe," Felistas alirudia. "Daktari, hapa Nyamongo hata chai ina vumbi la mawe."

"Mimi naandika nilichokiona."

"Andika. Nimesema tu."

Jana jioni umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Wachezaji waliondoka, Joel akabaki peke yake na rangi yake karibu na dirisha, kwenye mwanga. Mtu yeyote angeweza kuingia. Alama za vidole kwenye kibati zilipigwa picha ili zipelekwe Musoma, na Felistas alijua majibu ya Musoma yanavyochelewa. Akaagiza aletwe Odoyo.

Odoyo Okinyi alikuwa kijana wa Sirari, muuza simu, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka na maneno ya pande zote mbili. Aliingia akiwa ameanza kuongea.

"Afande, wacha nikwambie ukweli mtupu..."

"Mura, kijana, kaa chini kwanza," alisema Tomaso.

"Nimekaa."

"Juzi ulituma sauti kwenye kundi la WhatsApp la ligi," alisema Felistas. "Ulimwambia Joel utamwonyesha."

"Nilisema hivyo, ndiyo. Watu wote walisikia. Sasa mtu akitaka kuua, anatangaza kwa WhatsApp?"

"Wapo. Mmoja tunaye huko mahabusu. Kwa nini ulikuwa na hasira?"

"Kwa sababu Joel alisema jina litabadilika. Mimi ni namba mbili. Namba moja ni marehemu. Marehemu haendi Mwanza. Kwa hivyo naenda mimi. Halafu mtu anakuja karibu na fainali, ati namba moja sasa ni Rhobi! Hiyo ni haki?"

"Gari kalijenga nani?"

Odoyo alitazama viatu vyake. "Rhobi."

"Lote?"

"Lile la Heche lilikuwa linapinduka kila kona. Huyu dada alilivunja lote akajenga lingine. Joel alilifungua kulikagua akaona. Mimi pia nilijua."

"Basi kanuni ya mwisho unaijua."

"Naijua. Nilikuwa na hasira tu."

"Jana umeme ulipokatika ulikuwa wapi?"

"Kwa baa yenye jenereta. Nilitazama mpira. Uliza mwenye baa, nilimvunjia kiti."

"Kwa hasira?"

"Hapana, kilivunjika chenyewe."

"Mimi nakuona hivi, Odoyo. Ulimkuta Joel anaandika jina la Rhobi. Ulimpiga. Ukakigeuza kibati, Heche akarudi mbele, nafasi ya Mwanza ikarudi kwako."

"Hapana, haki ya Mungu."

Felistas aliweka mezani mfuko wa plastiki wenye nati nne. "Na hizi ukaziteremsha."

Odoyo aliinama akazitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akacheka.

"Hizi zilikuwa chini?"

"Zimepangwa vizuri."

"Afande! Mimi ndiye nililalamika mpaka huo mzigo ukaongezwa. Bila kilo arobaini hilo gari hulioni hata mkia. Niutoe mimi? Mimi ningeongeza nati zingine kumi." Aliukodolea macho mfuko, kicheko kikakoma. "Na pia kuzitoa ni bure. Mzigo uko ndani ya kompyuta. Hizi ni za kuonyesha watu. Kuzitoa ubaoni ni kama kupangusa matope kwa picha ya gari. Dereva yeyote anajua."

"Nani asiyejua?"

"Mtu ambaye hajawahi kushika usukani," alisema Odoyo.

Mwenye baa alithibitisha habari ya mpira, na ya kiti pia.

Felistas alibaki na mfuko ule mezani. Alikuwa na mtoto wa kiume wa darasa la tatu. Kila jioni, kabla hajamuuliza habari za shule, alimvua begi mgongoni. Hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Tomaso," aliita. "Washa gari. Twende kwa Mama Heche."

Sajenti hakusogea. "Afande, yule mama hana kitu tena."

"Ndiyo maana."

*

Ilikuwa nyumba ya bati pembezoni mwa mji, na mbele yake rundo la mawe. Mama Heche alikuwa ameketi juu ya gunia, mguu mmoja amenyoosha, anaponda. Jiwe alilizungushia mpira wa tairi lisiruke, akalipiga, akalisukuma pembeni, akachukua lingine. Alikuwa mweupe wa vumbi kuanzia kilemba mpaka kwenye nyayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Rhobi! Wageni!"

Rhobi alitokea jikoni. Alikuwa msichana mrefu, hajafika hata miaka ishirini na miwili, macho yamevimba. Felistas alirudi naye jikoni. Tomaso alibaki nje akimsaidia mama kusogeza gunia.

"Umemlilia Joel," alisema Felistas.

"Alikuwa mtu wa haki."

"Alikwambia lini kuhusu jina?"

"Jana mchana. Alisema kibati changu kitakuwa ubaoni kabla ya fainali. Alisema fundi wa Mwanza ameuliza jina la kuandika kwenye barua, na yeye hawezi kuandika jina la mtu aliyekufa."

"Ulifurahi?"

Rhobi alikoroga ugali. "Nilijenga gari lile mara tatu. Springi za nyuma zilinichukua mwezi. Nikishinda wanapiga kelele, Heche, Heche. Mimi sikumjua hata sura. Ndiyo, afande. Nilifurahi."

"Ulimwambia nani?"

Mwiko ulisimama.

"Rhobi. Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia mama."

"Akasema nini?"

"Akasema nikachote maji."

"Ukaenda?"

"Nikaenda. Niliporudi hakuwepo. Umeme ulikuwa umekatika."

"Na aliporudi?"

"Alikula. Akalala."

"Hakusema kitu?"

"Aliniuliza kama springi zile nilifundishwa na Heche." Alirudi kukoroga. "Ndotoni. Aliuliza kama Heche alinijia ndotoni akanifundisha. Nikasema hapana. Akageukia ukutani."

Nje, Mama Heche aliita. Wageni hawaondoki bila kula, alisema. Afande mkubwa namna ile kuja mpaka kwake halafu aondoke na njaa, watu wangesema nini? Tomaso alimtazama Felistas, macho yakiomba jambo ambalo hakulisema. Felistas aliketi.

Rhobi alileta ugali na mboga, kisha jagi la maji na beseni. Akamwinamia Inspekta.

"Hapana," alisema Felistas. "Anza na mama. Yeye ndiye mkubwa."

Mama Heche alinyoosha mikono. Rhobi akamimina. Vumbi lilishuka na maji kama uji, na ngozi ikaanza kuonekana, nyeusi, yenye nyufa. Mama alisugua. Rhobi akamimina tena. Maji ya beseni yakawa meupe, na mikono ikawa safi, isipokuwa kidole gumba cha kulia na viwili vinavyofuata. Hapo weupe haukutoka. Ulikuwa umeshika kwenye ncha na kuzunguka kucha, ukimetameta, kama rangi ya mafuta inavyometameta.

Mama alisugua tena. Rhobi aliviona vidole. Aliendelea kumimina mpaka jagi likaisha, na lilipoisha akabaki ameliinamisha vilevile.

Hakuna aliyegusa ugali.

"Mama," alisema Felistas, "sasa hivi nasema kama polisi. Hulazimiki kusema lolote. Ukisema, litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mzigo wa Heche kwa nini uliuteremsha?"

Mama Heche aliikausha mikono yake kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Ulikuwa mzito," alisema.

Tomaso alisimama akaenda kutazama mbali, upande wa barabara, mahali bodaboda zilipokuwa zinapita na magunia ya mawe.

"Nilitoka hapa na nyundo yangu mkononi," alisema mama. "Sikuibeba kwa ubaya. Mimi huwa naibeba. Nilimkuta amekaa, anaandika. Nikamwambia, mwanangu Joel, nimesikia unamtoa Heche. Akasema, mama, sijamtoa, nimefuata kanuni. Hakugeuka. Alikuwa anatazama mkono usitetemeke."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kanuni na mimi ninayo. Nilitoa ng'ombe. Mtoto atakayezaliwa na Rhobi ni wa Heche, hata baraza la wazee litasema hivyo. Shamba atakalolima Rhobi ni la nyumba ya Heche. Basi gari alilojenga lingekuwaje la mtu mwingine? Akacheka kidogo. Si kwa dharau. Akasema, mama, gari si mtoto."

Rhobi alikuwa amekaa chini sasa, jagi mapajani.

"Nikamwambia, basi mwandikie Rhobi bati lake na Heche umwache kwenye lake. Akasema bati la debe limeisha, na msumari wa kwanza ni mmoja. Nikamwomba anipe lile la Heche nije nalo nyumbani. Akasema ameshaanza kuandika nyuma yake. Akasema, usijali, mama, jina la Heche halifutwi. Litakuwepo palepale. Litatazama ukutani tu."

Kuku alikuja akadonoa pembeni ya beseni, na hakuna aliyemfukuza.

"Alilisema kama jambo la kunifariji," aliendelea. "Litatazama ukutani. Wewe una mtoto?"

"Ninaye."

"Wangu hana kaburi. Wenye maduara walisema ni hatari kuchimba, wakaweka kamba, siku ya tatu kamba ikaibwa. Nikitaka kumwona naenda kwenye chumba cha yule kijana, nasimama mlangoni, naona jina. Kusoma sijui, lakini lile gari jekundu nalijua, na lilikuwa juu ya wote. Vijana wanapita wananiambia, Mama Heche, Heche kashinda tena. Walikuwa wanasema kashinda. Hawakusema alishinda. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Nilimpiga mara moja. Hakulia. Nikalitoa bati mezani, nikaligeuza, nikalirudisha. Ndipo nikaona yale machuma kwenye msumari wake, yananing'inia chini ya jina. Machuma manne. Kifusi cha duara kizima kiko juu yake mpaka leo, na bado walikuwa wamemwongezea machuma. Nikayatoa. Nikayaweka chini taratibu. Halafu nikarudi."

"Ukala."

"Rhobi alikuwa amepika."

Felistas alikunja midomo. Alikuwa na huruma, na huruma ilimkasirisha.

"Joel naye ana mama," alisema. "Yuko Manchira. Leo asubuhi mimi ndiye niliyempigia simu."

"Najua ana mama," alijibu Mama Heche. "Atazika. Yeye ana cha kuzika."

Nyundo ilikuwa juu ya rundo la mawe, mpini umesuguliwa kwa majivu. Tomaso aliifunga kwenye mfuko. Kwenye tundu la chuma, mahali mpini unapoingia, majivu hayakufika, na damu ilikuwepo.

*

Kituoni Felistas aliandika maelezo ya onyo mwenyewe. Alianza na jina.

"Jina lako kamili, mama."

"Mama Heche."

"Hilo ni la mtoto. Mahakama inataka lako."

Yule mama alimgeukia Tomaso kama mtu anayeomba msaada. Tomaso alikuwa amenunua mawe yake kwa kujengea choo, alikuwa amekula kwake, alikuwa amesimama naye kwenye mdomo wa duara siku ile. Hakulijua.

"Waisiko," alisema mama hatimaye, polepole, kama analijaribu. Akaweka dole gumba chini ya karatasi, juu ya wino. Rangi nyeupe bado ilikuwa kwenye kucha.

Fainali haikufanyika. Chumba cha gemu kilifungwa kwa utepe wa polisi, na laptop ya Heche ikachukuliwa kuwa kielelezo pamoja na kompyuta za Joel. Rhobi alikuja kuiulizia.

"Gari langu liko humo," alisema.

"Najua. Litakaa humo mpaka kesi iishe."

"Itaisha lini?"

"Sijui. Sitakudanganya."

Fundi wa Mwanza alisubiri, akapiga simu, akaambiwa hali ilivyo. Namba moja ubaoni bado alikuwa marehemu, kwa hiyo barua ilitoka kwa jina la Odoyo Okinyi. Odoyo hakusherehekea. Alipita kituoni na begi lake mgongoni, akasimama kaunta bila kujua alichofuata, akamwambia Tomaso amwombee radhi kwa yule dada, kisha akawahi basi.

Rhobi aliendelea kuja kila mchana, na chakula kwenye hotpoti.

"Hulazimiki," Felistas alimwambia siku moja. "Hakuna anayeweza kukulaumu ukirudi Kisaka kwa wazazi wako."

"Ng'ombe walishapokelewa, afande. Kaka yangu ameshaoa kwa ng'ombe haohao." Aliiweka hotpoti kaunta. "Na nani mwingine atamletea?"

Asubuhi ya kumpeleka mahakamani Tarime, Mama Heche alitolewa mahabusu, amejifunga kanga safi aliyoletewa. Mikono yake ilikuwa haina vumbi, na bila vumbi ilionekana midogo. Alisimama mbele ya Felistas, hakupanda gari.

"Mwanangu, lile bati la Heche liko wapi?"

"Stoo ya vielelezo. Limo kwenye mfuko, limefungwa."

"Mmelining'iniza?"

"Limelazwa kwenye rafu."

"Limelala upande gani?"

Felistas angeweza kusema uongo. Ulikuwa uongo mdogo na hakuna ambaye angeujua.

"Upande wa Rhobi uko juu," alisema. "Ndio wenye alama za vidole vyako. Ndio hakimu atakaoutaka."

Mama alitikisa kichwa, akiwa kama anahesabu kitu.

"Kwa hiyo Heche yuko chini."

"Yuko chini, mama."

Tomaso alimshika mkono kumpandisha. Mama Heche aliinua mguu, akaushusha, akauinua tena. Ilibidi wamsukume kidogo.